Nani Kalimaliza Bando la Jengo?

— Mia tatu na thelathini, na ninazitaka leo hii hii! Sitaki kusikia kesho, sitaki kusikia pensheni haijatoka.

— Usta Wagdi, kaa kwanza. Kahawa yako inapoa.

— Sikai! Mia moja na kumi zako wewe Stempu, mia moja na kumi zako wewe Dokta, mia moja na kumi za yule aliyejificha huko juu. Zangu hizi hapa mezani, kila mtu azione. Zikitimia mia nne na arobaini nakwenda kununua bando jingine. Zisipotimia, jengo zima tutakaa tunatazamana kama magunia ya vitunguu.

— Nani kajificha? Sauti ilidondoka kutoka roshani ya ghorofa ya kwanza. — Nimekaa hapa nakatakata mboga yangu ya mulukhiya. Na mimi siitwi "yule".

Ugomvi ulikuwa umewaka kwenye mgahawa wa Bulbul, mdomoni mwa uchochoro mmoja wa Shubra, huko Misri, baada tu ya swala ya alasiri, saa ambayo jua la Juni linaanza kuwaonea watu huruma na wazee wanashuka kutafuta kivuli na maneno. Meza ni tatu, viti ni tisa, vitatu vibovu, na kila mtu anakijua cha kwake. Aliyesimama huku anapiga meza ni Usta Wagdi, fundi wa pampu za maji. Hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kufungua pampu zilizokufa na kukataa kulala mpaka ajue kilichoziua, na ndiyo maana hamvumilii mtu anayesema "labda". Mtaani wanamwita Mizani: ukimzidishia pauni moja kwa kukosea, atapanda ghorofa sita kukurudishia, na akifika atakugombeza kwa kutojua kuhesabu. Aliyemwambia akae ni Mzee Shinuda, aliyeuza stempu posta miaka thelathini na nne mpaka zikawa jina lake. Pembeni, sinia la miwani likiwa limelala magotini, ni Lutfi. Anaitwa Dokta kwa sababu kabla ya kukuuzia miwani hukuonyesha vidole akuulize ni vingapi. Na huko juu ni Mama Hanafi, mjane, ambaye yeye hashuki, ila kikapu chake hushuka kwa kamba mara kumi kwa siku, na masikio yake hushuka kabla ya kikapu.

Wote wanne wanakaa jengo moja, hilo hilo lililo juu ya vichwa vyao, na intaneti wanaila sahani moja. Laini ina jina la Wagdi. Ruta iko sebuleni kwake, ghorofa ya tano. Waya alizitandaza mwenyewe kwenye ngazi: nyekundu kwa Stempu, ya bluu kwa Dokta, nyeusi kwa Mama Hanafi, na nyeupe inayopanda juu ya paa kwenye banda la njiwa wake. Bando ni GB mia mbili kwa mwezi, bei pauni mia nne na arobaini, kila nyumba mia moja na kumi. Miaka mitatu hakuna aliyenuna. Mwezi uliopita bando likakata tarehe ishirini. Wakachanga mara ya pili, wakasema ni mkosi tu. Mwezi huu limekata tarehe kumi na mbili. Kampuni imefunga kabisa, hata picha ya maua ya asubuhi njema haipiti.

— Leo sikuja na mdomo mtupu, alisema Wagdi, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. — Nimekaa ofisini kwao tangu saa mbili asubuhi. Namba yangu ya foleni mia mbili na kumi na saba. Binti wa dirishani ananiambia, "Mzee, mmetumia sana." Nikamuuliza, nani katumia? Ananiambia, "Ninyi." Nikamwambia, binti yangu, "ninyi" siyo mtu, nipe karatasi. Akanipa. Hii hapa, kila siku na GB zake.

— Karatasi inasema nani kala? aliuliza Stempu.

— Karatasi haitaji majina. Majina nitataja mimi. Dokta!

— Nilijua, alisema Lutfi. — Nilijua tangu uliponitazama wakati natia sukari.

— Mapacha wako wanacheza ule mchezo wa bunduki. Wanapigana na Wakorea mpaka Wakorea wanaomba wakalale.

— Usta, kuwa na haki. Risasi ni kitu kidogo. Ingekuwa vifaru, ningekubali.

— Muulize na mkewe! Mama Hanafi alipiga kisu kwenye ubao. — Anatazama mapishi. Kuku mmoja anapikwa saa nzima, na wao wamekula dengu!

— Na wewe, Mama Hanafi? Ile tamthilia yako ya Kituruki ina sehemu mia moja na sitini, alisema Wagdi.

— Natazama, sikatai. Lakini tangu mwezi uliopita ulipogomba nimepunguza sauti mpaka chini kabisa. Nawasoma midomo. Juzi mwanamume kamwambia mkewe ama anampenda ama anamwacha, mpaka leo sijui ni lipi. Katika jengo hili anayebana matumizi ni mimi peke yangu!

Wagdi alishika kiuno. Huu ndio upuuzi unaomtia moto. Mtu anakuja na jibu lililo uchi, halafu kila mmoja analivika shati. Pampu ikifa, imekufa kwa jambo moja: mchanga, au waya, au beringi. Haifi kwa sababu imehuzunika.

— Mimi nitawaambia kilichotokea, alisema Dokta, akiweka sinia lake chini taratibu kama mtu anayefungua mkutano. — Ni joto.

— Joto?

— Reli ya treni inafanya nini kiangazi? Inatanuka. Mlango wa mbao? Unatanuka. Sasa waya zako, Usta, zinapita ukuta wa magharibi, jua linazipiga tangu adhuhuri. GB ikipita pale inatanuka. Inatoka kwa kampuni ikiwa moja, inafika kwangu ikiwa moja na nusu. Na sisi tunalipia zilizofika.

— Kwa hiyo kipindi cha baridi zinasinyaa?

— Kipindi cha baridi uliwahi kukatiwa? Hukuwahi. Basi.

Stempu alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali.

— Dokta, wewe hujafanya kazi posta. Joto halihusiki. Hawa wanapima pamoja na vifungashio.

— Vifungashio gani tena?

— Sisi mtu akileta kitambaa cha robo kilo cha kumtumia dada yake huko Tanta, tunakipima na sanduku lake, na karatasi, na kamba, na lakiri. Analipa kilo. Picha nayo haiji uchi, bwana. Inafungwa. Na picha ya rangi inafungwa zaidi isije ikachubuka. Ndiyo maana mimi natazama filamu za zamani tu, nyeusi na nyeupe. Nyepesi. Zinapita kama barua.

— Ndiyo maana runinga yako haina rangi? aliuliza Mama Hanafi. — Mimi nilidhani imeharibika, nikakuombea.

Simu ya Wagdi ilitetemeka juu ya meza. Aliitupia jicho, akaigeuza kifudifudi.

— Pokea, alisema Stempu. — Labda ni kampuni wanaomba radhi.

— Ni Hilmi, kaka yangu, huko Jeddah. Tangu jana ananisumbua. Nitampigia nikimaliza na ninyi.

— Msalimie. Ila huyo kaka yako na njiwa wake atakuua. Hata siku ya harusi ya binti yangu Mariana, padri anabariki pete, wewe uko kwenye ngazi za kanisa unapiga kelele simuni, "Yule jike la madoa kaingia au bado?"

— Alikuwa hajaingia, alisema Wagdi kwa ukali. — Na usinitoe kwenye hoja.

Bulbul, mwenye mgahawa, alifika na sinia na taulo lake begani. Ni mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, hana waya yoyote jengoni, na hilo halijawahi kumzuia kutoa maoni. Alimwekea Stempu chai ya nanaa, akambadilishia Wagdi kahawa iliyopoa kwa nyingine ya moto, kisha akabaki amesimama.

— Mnahangaika bure, jamaa zangu. Intaneti inaingia nchini kwa kebo chini ya bahari, ndiyo au siyo? Inatokea Iskandaria. Binamu yangu ni mvuvi kule. Anasema samaki siku hizi wanene na wavivu, hawaogopi wavu. Kwa nini? Wametoboa kebo. Wamekaa chini kule wanatazama.

— Wanatazama nini?

— Mpira! Nini kingine mtu atazame usiku kucha? Bure, na sisi huku tunakatiwa.

— Samaki hana kope, alisema Dokta akiwaza kwa dhati. — Hawezi kufumba. Akianza kutazama hawezi kuacha. Hilo kitaalamu linawezekana.

— Dokta!

— Nasema linawezekana, Usta, sijasema limetokea. Lakini nikwambie jingine ambalo nina uhakika nalo. Simu zetu. Mtu anaamka, simu imelala nyumbani usiku mzima inanyonya. Asubuhi anaitia mfukoni anatoka. Anatoka na nini? Anatoka na GB zetu! Anakwenda kuzimwaga kazini kwake. Inatakiwa bawabu awe anawapekua watu mlangoni.

— Atapekua hata mimi? aliuliza Mama Hanafi.

— Wewe hutoki, Mama.

— Basi hapo mmefika kwangu, maana mnasema sana na jambo mnalijua. Ni jicho la husuda. Yule wa jengo la mkabala, mke wa muuza vipuri, alikuja kwangu mwanzoni mwa mwezi uliopita, sikukuu ya Shamu Nasimu. Nikamwekea feseekh, samaki wa chumvi, na vitunguu, nikamfungulia tamthilia. Akasema, "Yaani kwenu haikwamikwami hata kidogo!" Hakumtaja Mungu, hakugonga mbao. Siku ile ile nilisikia kitu kimepasuka ukutani. Tangu hapo bando halifiki mwisho wa mwezi. Hesabuni wenyewe!

Walihesabu. Na kweli, ubaya ulianza baada ya Shamu Nasimu. Stempu alikuna kidevu. Dokta alianza kusema kwamba jicho, kama ni la kijani, lina mionzi. Wagdi aliona mchana wake unakwenda na maji.

— Sikilizeni! Jicho, samaki, kamba za posta, yote nimesikia. Mimi nina pauni mia moja na kumi mezani. Ninyi mna maneno. Mnajua jina langu huku mtaani?

— Mizani, walisema kwa pamoja, hata Mama Hanafi kutoka juu.

— Basi Mizani anasema hivi. Kila mtu alipe sehemu yake sasa. Na kuanzia leo, akijulikana aliyekula, awe nani, atalipa bando hili zima peke yake, na atawarudishia wenzake walichochanga mwezi uliopita. Tumekubaliana?

— Hata kama ni mapacha wangu? aliuliza Dokta kwa sauti ndogo.

— Hata kama ni mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, karudi kutazama sala ya Tarawehe.

— Tumekubaliana, alisema Stempu, akianza kufungua pochi yake taratibu sana.

— Shahidi Bulbul, alisema Bulbul.

Hapo ndipo mzee mmoja mrefu, mweusi wa Kinubi, kanzu nyeupe imepigwa pasi kama karatasi, alipotokea mlangoni mwa jengo akiwa na kiti chake mwenyewe mkononi. Alikuwa amehamia ghorofa ya pili wiki hiyo. Alisalimu kila mmoja kwa mkono, akasalimu na roshani, akakaa.

— Mimi naitwa Dahab. Wa Aswan. Nilikuwa msimamizi wa stesheni kabla ya kustaafu. Nimeambiwa hapa jengoni mnashirikiana intaneti, na Usta Wagdi ndiye mwenye kuunga. Nina mjukuu Aswan, kaanza kutembea, nataka kumwona. Naomba na mimi mniunge.

— Karibu sana, Hajj, alisema Wagdi, na hasira yake ikashuka nusu, maana mtu anayekuja na kiti chake ni mtu safi. — Tutakuwa watano, kila mmoja atalipa themanini na nane. Ila nikwambie ukweli usije ukasema nilikuficha: kuna mla bando humu. Bado hatujamkamata. Karatasi hii hapa.

— Naweza kuiona?

Dokta alikuwa ameshamchagulia miwani. Hajj Dahab aliivaa, akaitazama karatasi kama mtu anayetazama ratiba ya treni, kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka. Watu walikunywa. Kikapu cha Mama Hanafi kilishuka na glasi tupu, kikapanda na iliyojaa.

— Tarehe moja, kumi na saba. Mbili, kumi na saba. Tatu, kumi na nane. Nne, kumi na sita. Kidole kikashuka. — Tarehe nane, kumi na nne. Hii mbona imepungua?

— Tarehe nane ilikuwa harusi ya binti yangu! alisema Stempu, uso wote ukifunguka. — Tulikodi basi, tukatoka hapa saa nne asubuhi, kanisani, halafu ukumbini, tukarudi saa nane za usiku. Jengo zima. Nilisema sitaki kuona taa hata moja imebaki. Hata Mama Hanafi alishuka.

— Nilishuka, alithibitisha Mama Hanafi. — Nikacheza.

— Mapacha?

— Mapacha waliangusha meza ya peremende, alisema Dokta. — Picha ninazo.

— Na bawabu?

— Bawabu alikula sahani tatu, mlango wa chini tuliufunga kwa mnyororo, ufunguo alikuwa nao yeye.

Hajj Dahab alivua miwani, akaikunja, akamrudishia mwenyewe.

— Sasa jamani, mimi mgeni, mniwie radhi. Siku hiyo hizo kumi na nne zilitumiwa na nani?

Stempu aliitazama pochi yake kana kwamba jibu liko kati ya noti. Juu, kisu kilinyamaza kwenye ubao. Bulbul, anayeona aibu mgahawa wake ukikaa kimya mbele ya mgeni, alicheka.

— Waliobaki ni njiwa tu!

Kicheko kikapasuka. Dokta alijipiga paja. Mama Hanafi alisema labda walikuwa wanatafuta wachumba. Stempu alipaliwa na chai yake ya nanaa, akapigwa mgongo na Hajj Dahab.

Wagdi hakucheka.

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikasimama. Aliiona waya nyeupe ikipanda ngazi mpaka juu ya paa. Aliiona na kamera mwishoni mwake, ile aliyoipachika kwa mkono wake kwenye mlango wa banda, taa yake ndogo ya kijani haizimi mchana wala usiku. Kisha akaona jambo jingine, na hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu amewaeleza wateja miaka thelathini: pampu iko chini, bomba liko juu. Anayefungua bomba yuko ghorofa ya sita ananawa uso wake, lakini mita ya umeme inayozunguka ni ile ya huku chini iliko mota.

Alitazama meza. Pochi ya Stempu ilikuwa wazi, noti ya mia imeshachungulia. Dokta alikuwa anahesabu chenji kwenye sinia. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Angekunja karatasi tu, akapanda juu, akachomoa waya, na mwezi ujao bando lingefika mwisho wa mwezi. Mama Hanafi angesema jicho limetoka. Dokta angesema joto limepungua. Hakuna mtu duniani angejua.

Stempu alimsogezea noti.

— Haya, Mizani. Mia. Kumi nitakupa ya sarafu.

Jina hilo. Wangemwita jina lingine lolote siku hiyo, pengine angepokea.

— Rudisha pesa yako mfukoni, alisema Wagdi. — Ni njiwa.

Wakacheka upya.

— Nimesema ni njiwa! Mnacheka nini? Ni mimi. Ni kamera yangu!

— Kamera gani? aliuliza Dokta.

— Ya banda. Yule mfugaji wa jengo la nyuma alininasia ndege wawili, mnakumbuka. Hilmi akasikia, akaniletea kamera kutoka Jeddah, nikaifunga siku ya Shamu Nasimu. Mnajua njiwa wale siyo wangu. Ni wake. Aliwaanza akiwa na miaka tisa. Sasa ni mwaka wa kumi na mbili yuko Jeddah anatengeneza viyoyozi, na anasema karakana yake haina sauti nyingine ila feni. Akiifungua asubuhi anawafungulia njiwa kwenye runinga ya ukutani. Hawatazami hata, anawasikiliza tu wakinguruma huku anafanya kazi. Siku ya harusi ndiye aliyenipigia kwamba jike la madoa hajaingia. Aliona!

— Anawafungulia asubuhi, alisema Hajj Dahab. — Anawafunga saa ngapi?

Wagdi alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu afike.

— Hawafungi. Anasema hata akilala anapenda wawepo.

— Na wewe ulidhani nani analipia? aliuliza Stempu.

— Yeye! Si yeye anayetazama? Maisha yangu yote anayepiga simu ndiye anayelipa, aliyepigiwa anasema "aloo" bure. Nikajua Hilmi anatazama kwa intaneti ya Saudia, shauri yake na Saudia. Sikujua kwamba sisi huku ndio tunamsukumia!

— Hoja ina uzito, alisema Dokta. — Kisheria, njiwa yuko Misri lakini anaonekana Saudia. Inabidi nchi mbili zikae.

Stempu alikuwa ameshatoa kalamu, anaandika pembeni mwa karatasi ya kampuni.

— Una njiwa wangapi?

— Arobaini na wawili.

— Tarehe nane, GB kumi na nne. Gawanya kwa arobaini na wawili. Kila njiwa theluthi moja ya GB kwa siku. Alihesabu tena, akaweka kalamu. — Wagdi, mimi na mke wangu wote wawili hatufiki hapo.

— Na wale wana rangi, alisema Bulbul.

— Mimi, ilikuja sauti ya Mama Hanafi, taratibu na kwa kishindo, — mimi nimetazama tamthilia bila sauti mwezi mzima. Sijui kama mume kampenda au kamwacha. Kumbe nilikuwa nawalisha ndege!

Wagdi aliinamisha kichwa. Hakuna kilichomuuma kama kile cha kuwa amemgombeza mjane huku mwizi anakula kwake juu ya paa, tena amemfuga. Simu ikatetemeka tena. Safari hii aliipokea, akaiweka wazi juu ya meza wote wasikie, kwa sababu sasa kulikuwa na haja gani ya kuficha.

— Wagdi! Umekufa au uko hai? Ilikuwa sauti ya Hilmi, na nyuma yake mngurumo wa feni. — Tangu jana asubuhi siwaoni. Runinga nyeusi. Wametoroka? Wameuzwa? Niambie ukweli, mimi ni mtu mzima.

— Wapo, Hilmi. Bando limekata.

— Yule mweupe mguu umepona?

— Umepona.

— Basi. Alishusha pumzi, wote waliisikia. — Huku kumekuwa kimya sana, ndugu yangu. Nimefanya kazi siku mbili kama niko kaburini.

Simu ikakatika. Dokta alifuta miwani ambayo ilikuwa safi.

— Mfungulie saa moja, alisema Stempu hatimaye. — Ile ya kabla ya magharibi, unapowarusha. Ndiyo tamu kuliko zote, na saa moja haitatuua.

— Saa moja na nusu, alisema Mama Hanafi, na sauti yake ilikuwa imelainika. — Masikini, ughaibuni.

— Na mimi nakubali, kama mgeni ana kura, alisema Hajj Dahab.

Wagdi aliwatazama mmoja mmoja. Watu gani hawa. Alivuta kahawa yake, ilikuwa imepoa tena, akainywa hivyo hivyo ikawa tamu. Akakunja ile karatasi mara nne. Akachukua pauni zake mia moja na kumi kutoka mezani, akainuka apande kuizima kamera na kuwapa njiwa maji, moyo mwepesi kabisa.

Kikapu kilishuka mbele ya pua yake, kikasimama hapo kinaning'inia. Kilikuwa kitupu.

— Unataka kahawa, Mama Hanafi?

— Sitaki kahawa. Mimi saa na nusu nimempa Hilmi. Wewe sijakupa kitu.

Wagdi aligeuka. Stempu alikuwa amenyoosha kiganja, kimetulia kama kaunta ya posta. Dokta alikuwa amesogeza miwani pembeni, akaacha nafasi safi katikati ya sinia.

— Bando jipya utalinunua peke yako, mia nne na arobaini, alisema Dokta. — Hilo ulilisema mwenyewe.

— Shahidi Bulbul, alisema Bulbul. — Pamoja na kahawa mbili.

— Na zile tulizochanga mwezi uliopita? Wagdi aliuliza, ingawa alijua.

Kamba ilitikisika, kikapu kikamgonga pua.

— Mia tatu na thelathini, Mizani, alisema Mama Hanafi. — Na tunazitaka leo hii hii.